Usinunue bando kubwa kabla hujapima pingi

Kwenye meza yangu pale Makoroboi, hapa Mwanza, wanakuja watu wa aina mbili. Wa kwanza wanataka kioo cha simu, chaji au betri. Tunapatana bei, wanalipa, wanaondoka. Wa pili ni vijana wa gemu. Hawa hawanunui kitu. Wanakuja na picha waliyoipiga kwenye skrini, kipimo cha spidi kinasoma 38 Mbps, na swali ni lile lile: "Dada, spidi ninayo, bando ninalo, mbona gemu inalagi?"

Mimi nauza vipuri, sikusomea mitandao. Lakini nacheza Counter-Strike 2 (CS2) na Dota 2 kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, mdogo wangu ni mtu wa eFootball kwenye PS4, na tunaishi Mabatini kule juu kwenye mawe, ambako intaneti iliyotulia lazima uipiganie. Kwa hiyo nimelazimika kujua. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wale vijana, tofauti ni kwamba hapa hakuna mteja wa kioo aliyesimama nyuma yao akinikazia macho.

Spidi na pingi ni vitu viwili. Spidi, hizo Mbps, ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Pingi ni muda ambao ujumbe mdogo unatumia kutoka kwako hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, na kurudi, na unapimwa kwa milisekunde. Gemu ikishapakuliwa haili data nyingi. Kinachosafiri ni taarifa fupi fupi: niko hapa, nimegeukia huku, nimefyatua. Saa nzima ya kucheza inaweza kutumia MB makumi tu. Ndiyo maana mtu mwenye 5 Mbps zilizotulia anamsumbua sana mwenye 40 zinazoyumba.

Huko kuyumba ndiko wanakokuita jita. Pingi inasoma 60, halafu 65, halafu 310, halafu 58. Binafsi niko radhi kucheza na 150 isiyobadilika kuliko 60 ya namna hiyo. Ile 150 mkono unaizoea, unalenga mbele kidogo, maisha yanaendelea. Hii nyingine huwezi kuizoea hata ucheze mwaka. Halafu kuna pakiti, vile vifurushi vidogo vya data, zinazopotea njiani. Gemu nyingi za risasi hutuma taarifa kwa njia inayoitwa UDP, na UDP haisubiri wala hairudii kilichopotea. Ndipo unajiona umeshafika nyuma ya ukuta, salama kabisa, mara seva inakurudisha katikati ya uwanja ukiwa maiti.

Kabla hujaulaumu mtandao, hakikisha ni mtandao kweli. Gemu ikianza kukwama, zungusha kamera ya mchezaji wako kushoto na kulia. Kama wewe unageuka bila shida ila wengine wameganda, au wanatokea hapa mara pale, huo ni mtandao. Kama hata kugeuka kwako kunakatakata, tatizo liko mikononi mwako: simu imechemka au kompyuta imezidiwa. Simu ikipata moto hupunguza yenyewe nguvu ya prosesa ili isiungue. Sasa mtu kakaa nje saa nane mchana, kava nene la mpira, chaji imechomekwa, mwangaza umepandishwa mpaka mwisho, halafu anabadilisha laini ya simu! Vua kava, chomoa chaji, shusha ubora wa picha kwenye gemu, uone.

Na vipokea sauti vya blutuzi. Vile vya bei poa huchelewesha sauti kiasi cha kusikia hatua za adui akiwa ameshakumaliza. Pingi haihusiki hapo kabisa. Vya waya nauza mezani, ndiyo, lakini hata nisingeuza ningekwambia hivyo hivyo. Kwa wa PS, angalia kwenye televisheni kama kuna modi ya gemu uiwashe. Televisheni nyingi hupamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo unakula muda kati ya kubonyeza kitufe na mchezaji kupiga mpira.

Haya, ni mtandao kweli. Sasa tatizo liko wapi? Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ping 192.168.1.1 -t, au anwani yoyote iliyobandikwa chini ya ruta yako. Ruta zinazotumia laini ya simu, nyingi anwani yake ni 192.168.8.1. Hiyo inapima kati yako na ruta. Fungua dirisha la pili, andika ping 8.8.8.8 -t, hiyo inatoka nje hadi seva ya Google. Ziache zote mbili zikienda wakati unacheza. Gemu ikikwama, zitazame. Kama ya ruta imepanda kutoka 2 hadi 200, shida iko ndani ya nyumba na hakuna bando litakaloiponya. Kama ya ruta imetulia na ya nje ndiyo imepanda, shida iko kwenye njia ya kutokea, yaani foleni ya ruta, mnara, au huko mbele. Wenye simu tupu wanaweza kutumia programu za bure za kupima pingi. Zipo nyingi na zinafanya kazi hiyo hiyo.

Kwetu ilianza na ya ndani. Ruta iko chini kwa mama mwenye nyumba, sisi tuko juu, na katikati kuna jiwe. Wa Mwanza ananielewa: nyumba imeegemezwa kwenye jiwe ambalo hakuna aliyethubutu kulipasua, na ukuta wa nyuma wa korido ni hilo jiwe lenyewe. Waifai ya 5 GHz haikuwa inafika kabisa. Ya 2.4 GHz ilifika ikiwa hoi, halafu ikakutana na waifai za majirani wote wa mlimani. Kwenye 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, namba 1, 6 na 11, na kwetu zote zilikuwa zimejaa. Ukiweza, ingia kwenye ruta, chagua iliyo na watu wachache kati ya hizo tatu, na usijifanye mjanja wa kuchagua 3 au 8, maana hapo unaingiliwa na pande mbili. Ila dawa yenyewe ni waya. Cat6 kutoka ruta hadi kwenye kompyuta, na ukomo wake ni mita 100, nyumba yako haiwezi kufika huko.

Mama mwenye nyumba alikataa. Alisema waya unaopita nje juu ya jiwe utaleta radi. Nilitaka kubisha, lakini alikuwa na hoja, na si hoja ya kishirikina: hili bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na waya mrefu uliolala nje unaweza kubeba mshtuko ukaunguza ruta na kompyuta hata kama radi imepiga jirani. Tukakubaliana. Waya umepita ndani ya bomba la plastiki chini ya ngazi, sehemu kubwa ukiwa ndani, na wingu likianza kufunga kutoka ziwani tunachomoa pande zote mbili. Pingi ya kwenda kwenye ruta ikawa 1. Kabla ilikuwa inacheza kati ya 4 na 180.

Kitu kingine kidogo kinachowatesa watu bila kujua ni adapta ya ruta. Nyingi zinataka volti 12 na ampea 1. Ikiungua, mtu anachukua yoyote inayoingia tundu, ya ampea 0.5. Ruta inawaka, taa zote zipo, ila ikipata kazi inajizima na kuwaka tena. Anayecheza anaona mtandao umekata kwa dakika mbili, analaani kampuni. Soma maandishi kwenye adapta. Na kwa umeme wetu unaopepesa jioni, zile UPS ndogo za ruta, betri za akiba za volti 12, ni fedha iliyotumika vizuri. Umeme ukipepesa sekunde moja, televisheni inawaka tena haraka, lakini ruta inaanza safari ya kutafuta mnara upya, na mechi ya cheo haikungoji.

Sasa foleni, na hapa ndipo penye ugonjwa wa nyumba nyingi. Wanaokumbuka kuvuka Kigongo kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025 watanielewa upesi. Kivuko hakikuwa kinakwenda polepole. Kikishaondoka, ng'ambo ya Busisi unafika bila kuchelewa. Ulichelewa kwa sababu mbele yako kulikuwa na malori na mabasi yamepanga mstari, na wewe mwenye pikipiki na bahasha moja unasubiri pamoja nao. Ruta inafanya hivyo hivyo. Inaweka foleni ndefu ya pakiti ili isipoteze hata moja. Mjukuu wa mama mwenye nyumba anapandisha video TikTok, simu ya mtu inahifadhi picha za harusi kwenye akaunti yake ya Google, na vijitaarifa vyangu vya "niko hapa, nimefyatua" vinakaa nyuma yao. Pingi inatoka 70 inafika 700. Akimaliza kupandisha, inashuka yenyewe, na ukipima spidi wakati huo unaambiwa kila kitu kizuri.

Kinachoziba mara nyingi ni upande wa kupandisha, kwa sababu ni mwembamba kuliko wa kupakua. Jaribu mwenyewe: weka ile pingi ya 8.8.8.8 iende, halafu mwambie mtu apandishe video kubwa. Ikiruka mara tano au kumi, ugonjwa ndio huo, na ukinunua spidi kubwa zaidi utakuwa umeahirisha tu mpaka simu za nyumbani zijae tena.

Tiba nzuri ipo kwenye ruta zinazokubali kuwekwa OpenWrt, programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani. Ndani yake kuna SQM, sehemu ya kusimamia foleni, na ndani ya SQM unachagua CAKE, mbinu mojawapo ya kuipanga. Wazo lake linatokana na kazi iliyochapishwa na Kathleen Nichols na Van Jacobson mwaka 2012, ya kuzuia foleni isikae muda mrefu badala ya kuiacha ijae. CAKE humpa kila mmoja zamu, kwa hiyo bahasha yangu inapita katikati ya malori. Unachotakiwa kufanya ni kuiambia ruta spidi yako iwe chini kidogo ya ile halisi, kama asilimia 85 au 90, ili foleni itokee kwako unakoitawala, isitokee kwa mtoa huduma. Kwa intaneti ya laini ya simu, ambayo spidi yake haikai mahali pamoja, pima saa mbili usiku wakati mambo ni mabaya, weka chini ya hapo. Utapoteza Mbps kadhaa. Ziache ziende. Nyumbani kwetu ruta kuukuu ya mtumba ndiyo iliyofanyiwa hivyo, ikawekwa kati ya ruta ya laini na sisi wengine, na siku hizi mtoto akipandisha video mimi naona 80 au 90, basi.

Asiye na ruta ya namna hiyo afanye diplomasia. Zima kuhifadhi picha kwenye simu zote mpaka usiku wa manane. Kwenye Steam, ile programu ya kununua na kupakua gemu, weka kikomo cha spidi ya kupakua. Kwenye Windows, zima kile kipengele kinachogawa masasisho kwa kompyuta nyingine kwenye intaneti, kwa sababu kinapandisha data kimya kimya kwa gharama yako. Na wape watoto ratiba. Nyumbani kwetu ratiba iliandikwa ikabandikwa ukutani, na aliyeivunja wa kwanza ni mama mwenye nyumba kwa simu ya video na dada yake wa Geita. Hapo huna la kusema.

Kwa wanaocheza kwa data ya simu moja kwa moja: simu ikikubali, iambie ibaki 4G tu isishuke 3G kila ishara inapopungua. Na kama laini yako haijawashiwa kupiga simu kupitia 4G, kila simu inayoingia itakutoa kwenye 4G, na gemu inakufa papo hapo. Washa huduma hiyo, au weka laini ya data kwenye kifaa kingine. Nimeshuhudia mtu akipoteza mechi kwa sababu ya shangazi anayeuliza kama dagaa zimefika.

Nije kwenye ziwa. Wale wa Dar wanaotengeneza video za kupunguza pingi hawaligusi hili, na siwalaumu, hawakai Luchelele.

Binamu yangu kapanga huko, nyumba iko karibu kabisa na maji, barazani unaona ng'ambo ya Sengerema. 4G imejaa baa zote. Mchana anacheza Call of Duty: Mobile vizuri, jioni kila baada ya dakika chache pingi inaruka mamia na kila mtu anaganda. Alishabadilisha simu, alishabadilisha laini, alishaanza kuamini gemu inamchukia. Nilikwenda Jumapili nikiwa na simu yenye programu inayosoma habari za mnara: namba ya seli unayoshika, na nguvu ya ishara kwa dBm. Hizo dBm ni namba hasi. -80 ni nzuri, -110 ni mbaya, na baa za juu ya simu ni ufupisho tu wa hiyo.

Barazani, upande wa maji, simu ilishika seli moja. Nyuma ya nyumba, upande wa barabara, ilishika nyingine kabisa. Ukisimama mlangoni ilihama huku na huku. Hatukujua ile ya barazani ni ya wapi mpaka tulipopata safari ya kuvuka na kivuko cha Kamanga. Nikaiwasha ile programu tukiwa majini, na kadiri tulivyokaribia upande wa pili namba ile ile ya barazani ikawa inazidi kupata nguvu. Kwa hiyo binamu, mkazi halali wa Jiji la Mwanza, alikuwa anacheza gemu kupitia mnara wa ng'ambo.

Sababu yake si uchawi. Juu ya maji hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna jiwe, kwa hiyo mawimbi ya redio yanafika mbali kuliko mjini, hasa yale ya masafa ya chini kama 700 au 800 MHz. Hali ya hewa juu ya maji nayo inaweza kuyapinda yakafika mbali zaidi saa fulani kuliko saa nyingine. Tena maji yanaakisi. Simu inapokea wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga maji, na yakikutana huweza kuongezeana nguvu au kufutana, leo hivi, baada ya muda vile. Simu yenyewe inachojua ni kulinganisha ishara. Ishara ya ng'ambo na ya jirani zikikaribiana, inahamahama, na katika kuhama gemu inashikwa koo.

Tulichofanya ni kuacha kucheza barazani. Alikuwa na ruta ya laini kabatini, tukaipeleka chumba cha nyuma kwenye dirisha linalotazama barabara, ili kuta za nyumba ziwe kizuizi kati yake na ziwa. Halafu kwenye mipangilio ya ruta tukaifungia ibaki kwenye bendi (masafa) ya 1800 MHz, ambayo mnara wa jirani ulikuwa nayo na ya ng'ambo haikufika. Si kila ruta inakuruhusu kuchagua bendi, na hili ni jambo la kuuliza kabla ya kununua. Baa zikapungua kutoka zote hadi tatu. Pingi ikatulia kwenye sabini na kitu. Binamu hakufurahi mwanzoni, alitaka baa zake zirudi. Ilibidi acheze mechi nzima ndipo akanyamaza.

Walio mbali na mnara, tuseme Kayenze au visiwani, wanaweza kununua ruta yenye matundu ya antena ya nje na kuelekeza antena kwenye mnara mmoja tu. Hapo kuelekeza ndiyo kazi yenyewe: sogeza kidogo, soma dBm, sogeza tena. Lakini mnara ukiwa umejaa watu saa mbili usiku, antena haiwezi kuwapunguza. Jirani na hosteli za wanachuo kule Malimbe ni afadhali uamke alfajiri.

Ukishatengeneza nyumbani na kwa mnara, kinachobaki ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia ni milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Data ikifika pwani imeshatumia 11 au 12 kabla hata ya kulowa maji ya bahari. Dar ndiko inakotua mikongo ya baharini kama SEACOM, ulioanza kazi 2009, na EASSy wa 2010, na yote miwili inashuka kusini hadi Mtunzini, Afrika Kusini. Kutoka hapo unapanda nchi kavu hadi Johannesburg, ambako Valve, wenye gemu hizo, wana seva za CS2 na Dota 2. Jumla njia hiyo inakaribia kilomita 5,000, kwa hiyo 50 ndiyo karibu na sakafu. Ukiona 70 au 80, shukuru.

Ila njia haifuati ramani. Kuna watoa huduma ambao data yao ya kwenda Johannesburg inapanda kwanza Ulaya kupitia Bahari ya Shamu, kisha inashuka tena upande wa magharibi mwa Afrika. Kwenye kompyuta andika tracert na anwani ya seva, utaona vituo inavyopita. Majina mengi yana vifupisho vya miji. Ukiona Marseille au London kwenye njia ya kwenda Afrika Kusini, umepata jibu lako. Nyumbani kwetu laini mbili, chumba kimoja, saa ile ile: moja inanipa 76, nyingine 265. Hiyo ya 265 ndiyo yenye spidi kubwa kwenye kipimo. Kwa gemu nachukua ya 76, kwa kupakua nachukua ya pili. Na kuna siku hakuna cha kuchagua: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili, Tanzania ikawa kati ya nchi zilizopata shida, na mtu aliyebadilisha ruta wiki hiyo alitupa hela.

CS2 ina sehemu ya kuweka pingi ya juu kabisa unayoikubali kwenye kutafuta mechi, ishushe. Dota 2 chagua Afrika Kusini peke yake. Utasubiri mechi muda mrefu zaidi, hasa usiku sana, kwa sababu wachezaji ni wachache. PUBG Mobile nayo inakupa kuchagua seva mwanzoni, jaribu ya Mashariki ya Kati na ya Ulaya uone ipi imetulia kwa laini yako, usifuate ya rafiki.

Zile programu za kuongeza kasi ya gemu zenye picha ya roketi zinafunga programu nyingine za simu, kazi ambayo kidole chako kinaifanya bure. Kubadilisha DNS hakushushi pingi ndani ya mechi. DNS inatumika kutafuta anwani mwanzoni, kisha inakaa pembeni. VPN, yaani kupitisha data yako kwenye seva ya mtu wa kati, inaweza kusaidia pale tu ambapo njia ya mtoa huduma ni mbovu na ya VPN ni fupi, jambo linalotokea mara chache. Mara nyingi unaongeza kituo kingine njiani. Isitoshe, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo usiichukue kama mchezo.

Mdogo wangu yeye shida yake haikuwa pingi. eFootball huunganisha mashine za wachezaji wawili moja kwa moja, na PS4 yake ilikuwa inaonyesha NAT (namna ruta inavyoficha mashine za ndani nyuma ya anwani moja) aina ya 3, ile inayobana zaidi: mpinzani anapatikana, mechi haianzi. Kwetu kulikuwa na ruta mbili, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikificha iliyo ndani yake. Ile ya laini tukaifanya ipitishe tu, ile yenye OpenWrt ndiyo ifanye kazi ya kugawa anwani, tukawasha UPnP, inayoiruhusu PS4 ijifungulie njia kwenye ruta, ikawa aina ya 2. Kwa wengine haitatosha, maana kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje kwa uhaba wa anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4. Angalia anwani ya nje kwenye ruta yako: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko kwenye kundi hilo. Hapo ni kumwomba mtoa huduma anwani yako mwenyewe, na wengine wanaitoza ada.

Ulaya nacheza na kaka yetu mkubwa aliyeko Ujerumani, Dota 2, seva ya kwao, kwa sababu yeye hakubali kuja Johannesburg na pingi mbaya. Yeye anaona 20, mimi naona 170 iliyotulia. Kwa hiyo yeye anachukua mashujaa wa kuruka na kukata, mimi nachukua Warlock, nakaa nyuma, natibu watu. Akifa ananiuliza nilikuwa wapi. Namwambia nilikuwa hapo hapo, uganga wangu ulikuwa bado uko baharini.